Je, wajua kwa nini bia ya bomba hutoka povu tupu Mbeya?

Rafiki yangu alihamishiwa Mbeya kutoka Dar es Salaam, akaja na friji lake dogo lenye koki mlangoni. Ndani mna kegi moja (pipa la bia), mtungi wa gesi na mpira mwembamba unaopeleka bia kwenye koki. Kule Dar lilimimina vizuri miaka miwili. Alipolifunga nyumbani kwake mtaa wa Forest, bila kugusa mpangilio wowote, glasi ya kwanza ikajaa povu, ya pili povu, ya tatu povu lenye uchachu kwa mbali. Tukaanza kuilaumu kegi. Mzee jirani, Mhehe aliyegema ulanzi (pombe ya mwanzi) ujanani, akaonja, akaguna. "Wanangu, mbeta yenu hii haijaoshwa siku nyingi."

Mzee, aliyeviita vyombo vyetu mbeta, yaani chombo cha kugemea, alipata nusu ya jibu. Nianze na nusu iliyobaki, maana hiyo ndiyo inayowaponza wengi wanaopanda huku na vyombo vyao kutoka pwani.

Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni pungufu ya ile ya Dar kwa asilimia 18 hivi. Anayepika maharage Mbeya anaijua habari hii hata kama hajaisoma darasani: maji huchemka yakifika nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, mkaa unaisha maharage bado yana kiini. Ndani ya bia kinachotafuta upenyo wa kutoka ni kabonidayoksaidi. Gesi hiyo imeyeyushwa humo tangu kiwandani, nayo hutulia pale tu inapobanwa vya kutosha.

Kilichomnasa rafiki yangu ni geji. Geji ya mtungi haikuonyeshi presha yote iliyomo ndani ya kegi, inakuonyesha kiasi kilichozidi presha ya hewa ya nje. Aliiweka kwenye PSI 12 (kipimo kilekile cha upepo wa tairi) kama alivyozoea. Lakini 12 za Dar zinajumlishwa na hewa nzito ya pwani, na 12 za Mbeya zinajumlishwa na hewa nyepesi. Mshale uko palepale, kumbe bia imepunguziwa mbano kwa karibu PSI 2.7. Basi ikaanza kuachia gesi ndani ya mpira, kabla hata ya kuiona glasi. Kegi ya namna hiyo ukiiacha siku kadhaa inakupa maudhi mawili kwa pamoja: povu kwenye koki, na bia iliyopooza chini ya povu.

Tukapandisha geji karibu na 15. Povu likapungua, ila bia sasa ikawa inaruka kama maji ya zimamoto, kwa sababu tofauti kati ya presha ya ndani na ya nje imeongezeka. Dawa yake ni kurefusha mpira. Msuguano wa kuta za mpira wenye tundu la milimita 5 ndio unaoipunguza bia mwendo, na mita 3 zilizotosha Dar huku zilikuwa fupi. Tulikwenda tukikata na kujaribu, tukatulia kwenye mita 4 hivi. Wa Njombe, waliokaa juu zaidi yetu, wajiandae kuongeza tena.

Na usidanganywe na baridi ya Juni ukadhani kegi yaweza kukaa barazani. Usiku ni sawa, lakini mchana jua la huku linachoma, na bia inayopata joto huachia gesi. Iache kwenye friji, nyuzi 3 au 4, na mpira wote ukae humohumo ndani umeviringishwa.

Sasa turudi kwa mzee. Wasiojua ulanzi: msimu wa mvua mgemaji hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, akalifungia kikombe cha mwanzi kinachoitwa mbeta, na utomvu hudondokea humo. Wa siku hiyo ni togwa, mtamu hata kwa mtoto. Hakuna anayetia hamira. Chachu na bakteria waliokwishaganda kwenye kuta za mbeta huuvamia mara tu unapodondoka, na ukilala unakuwa mkangafu. Ukisahaulika unakuwa siki. Mgemaji anawahitaji wadudu hao. Mwenye friji la bia hawahitaji hata kidogo, lakini kwenye mpira wake wanafanya kazi ileile.

Piga hesabu ya mpira ule wa mita 4. Bia inayokaa ndani yake haifiki mililita 80. Ukuta wa ndani unaoigusa bia hiyo, ungeweza kuupasua na kuutandaza, ni sawa na karatasi moja ya A4. Yaani robo glasi ya bia imepakwa kwenye karatasi nzima na kulazwa humo usiku kucha. Kama karatasi ni chafu, utaipata ladha yake asubuhi.

Uchafu wenyewe ni wa aina mbili. Kwanza kuna utando laini wa protini, sukari, utomvu wa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na chachu, ambamo bakteria hujenga makao. Laktobasili huleta uchachu. Pediokokasi huleta uchachu na harufu ya siagi. Bakteria wa siki wanataka oksijeni, hivyo hukaa mdomoni mwa koki, na ndiyo maana ukinusa koki ya baa iliyozembewa unakumbuka kachumbari. Kwa kawaida hawa hawakuletei ugonjwa, maana kilevi na hopsi huwafukuza vijidudu vya maradhi. Wanaharibu kinywaji tu. Pili kuna gaga gumu la kalisi oksaleti, ndugu wa lile tabaka jeupe la ndani ya birika. Gaga hilo lina mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni mahali pa kipovu kuzaliwa. Ndiyo maana mpira mchafu hutoa povu hata geji ikiwa sahihi, na ndiyo maana mzee hakukosea.

Maji matupu hayaung'oi utando huo, yanauogesha tu. Chama cha watengeneza bia wa Marekani, Brewers Association, kinashauri dawa yenye kostiki soda kila siku 14: nguvu ya asilimia 2, maji ya uvuguvugu wa nyuzi 27 hadi 43, izungushwe na pampu kwa dakika 15. Usiyachemshe, mpira utalegea. Gaga haliogopi kostiki, linataka dawa ya asidi, na hiyo hutosha kila miezi mitatu. Jik niiseme peke yake, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kushikwa mkononi: inatoboa vyuma visivyoshika kutu na kuacha harufu kwenye plastiki, na ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Iache chooni.

Kostiki hii ni ileile ya watengeneza sabuni, na inachoma ngozi na macho. Glavu na miwani havina mjadala. Mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Ni heri kununua dawa iliyotengenezwa kwa kazi hii na kufuata vipimo vya kibandiko. Kabla ya kuanza, funga gesi na utoe presha. Ukimaliza suuza kwa maji baridi mpaka utelezi uishe kabisa, kisha hakikisha kwa karatasi ya litmasi kwamba maji yanayotoka ni sawa na yaliyoingia. Ulimi si kipimo hapa.

Koki ifunguliwe vipandevipande, isuguliwe kwa brashi ndogo. Kichwa cha kegi vivyo hivyo, pamoja na oringi (pete za mpira) zake. Tulipofungua koki ya rafiki yangu tulikuta ute wa kahawia, naye akaapa kwamba alikuwa "anaosha kila wiki". Alikuwa anaosha nje. Mpira wa plastiki wenyewe ubadilishe kila mwaka, na ukishaupitishia soda ya tangawizi basi ni wa tangawizi mpaka kufa kwake.

Limebaki la mtungi, na hili halina mzaha. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hukusanyika chini, haina harufu ya kukuamsha. Uvujaji mdogo kwenye chumba kilichofungwa unaweza kuua, na Julai Mbeya kila dirisha hufungwa. Jaribu maungio yote kwa povu la sabuni. Mtungi wa rafiki yangu sasa umesimama nje ya ukuta wa jikoni, kivulini, umefungwa mnyororo usianguke, na gesi inaingia kwa mpira kupitia tundu dogo alilolitoboa kwa drili siku ileile tuliyokata ule mpira wa mita nne.