Msiba sasa hivi, tangazo jioni, ugomvi kesho

Siku moja ya Julai nilichelewa msiba wa jirani ambaye kati ya nyumba yake na yangu kuna mti mmoja tu wa parachichi. Taarifa ilikuwa imewekwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa saa tano usiku. Mimi nikilala huzima data. Asubuhi nilipowasha zikaingia jumbe mia mbili na ushee: maua ya kututakia asubuhi njema, mtu anauza vifaranga, video ya ajali ya Mlima Nyoka iliyokwisha kuzunguka wiki nzima, ubishi wa Simba na Yanga, na katikati ya rundo hilo mistari miwili ya msiba. Niliipita kwa kidole gumba bila kuiona. Nilikuja kuambiwa saa sita mchana dukani, na mama mwenye duka hakuniambia kwa upole. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Huku kwetu Mbeya kuchimba kaburi ni kazi ya majirani, na asiyeonekana na jembe hukumbukwa siku yake ikifika.

Riziki yangu ni kubuni mifumo ya simu: nimewatengenezea wakopeshaji, wanunuzi wa kahawa, shule. Msiba ule ndio ulionitia katika kazi ya jukwaa la mtaa, yaani mahali pa mtandaoni pa watu ambao tayari wanachota maji bomba moja. Letu lina misimu mitatu ya mvua sasa. Nimelivunja na kulijenga upya mara mbili, na watu wa mitaa mingine wananiuliza nilianzia wapi. Nilianzia pabaya.

Toleo la kwanza lilikuwa grupu lile lile lililovaa koti jipya. Kila kitu mstari mmoja, kipya juu, laiki chini. Nilidhani shida ni wingi wa jumbe, nikaongeza sehemu ya kutafuta. Shida ilikuwa mwendo. Mtaani habari hazitembei mwendo mmoja, na hilo watu walilijua kabla ya simu. Kwenye msiba mtoto hutumwa mbio nyumba kwa nyumba, hata usiku wa manane. Mkutano hutangazwa na mjumbe akipita jioni bila haraka, anapewa na chai. Ugomvi wa mpaka wa kiwanja wazee huuacha ulale kwanza. Grupu linavipakia vyote bajaji moja na kuikanyagia mafuta.

Kwa hiyo toleo la pili lina milango mitatu. Wa kwanza ni wa msiba, moto, mgonjwa wa ghafla na mtoto aliyepotea. Ujumbe wake hauingoji data. Mfumo unatuma meseji ya kawaida, kisha unapiga simu yenye sauti iliyorekodiwa, maana ukishazima data arifa ya programu haikufikii hata ikiandikwa kwa herufi nyekundu. Kabla haujatoka, balozi au mmoja wa waangalizi wawili wa jukwaa anauthibitisha kwa kubonyeza namba moja. Nililazimika kuweka kizuizi hicho baada ya mtu kutangaziwa kifo naye yuko Kyela ananunua mchele.

Mlango wa pili ni wa matangazo. Haya yote yanakusanywa na kutoka mara moja kwa siku, saa kumi na mbili na nusu jioni. Wazo hili nimeliazima Vermont, jimbo dogo la Marekani, ambako kuna huduma iitwayo Front Porch Forum: majirani wanaandika, watu wenye macho yao wanasoma kwanza, kisha maandishi yanatumwa kama fungu moja. Niliposoma habari zake nilicheka, nikasema hawa wamejenga mjumbe. Mwezi wa kwanza mtaani walinisema sana. Mwenye vifaranga alinijia hadi nyumbani kuuliza kwa nini tangazo lake limefungiwa. Siku hizi anaandika mistari mitatu tu, yenye bei, umri wa vifaranga na mahali alipo, kwa kuwa ana nafasi moja kwa siku. Zamani aliandika mara tisa bila kutaja bei.

Mlango wa tatu ni wa malalamiko, na humo ujumbe unalala. Ukiandika usiku kwamba jirani anamwaga maji machafu njiani, asubuhi unaulizwa: bado unataka utoke? Wengi hubonyeza hapana. Mashine haina akili ya kujua kipi ni ugomvi. Mwandishi anachagua mlango mwenyewe, na akichagua vibaya waangalizi wanausogeza. Niliwahi kujaribu kuifanya programu itambue yenyewe maneno ya hasira. Iliuzuia ujumbe wa mama aliyekuwa akisifia pilipili za Sokomatola kuwa kali.

Ule uthibitisho na ule usingizi wa ujumbe haukutokana na busara yangu. Wakati wa toleo la kwanza mtu aliandika, akaweka na picha, kwamba kijana mwenye koti jekundu amebeba sola ya mama fulani anateremka nayo kuelekea barabara kuu. Kila Mtanzania anajua kelele ya mwizi inavyoishia. Dakika chache watu wana fimbo mkononi. Kijana alikuwa msaidizi wa fundi, ametumwa na mume wa huyo mama kuipeleka sola ikarekebishwe. Kilichomwokoa ni dereva wa bodaboda aliyemfahamu na kusimama mbele yake. Usiku ule sikulala, nilikuwa nasoma msimbo nilioandika mwenyewe, mstari kwa mstari, natafuta ulipo ule uliotaka kuua. Haukuwepo. Kila mstari ulikuwa sahihi.

Nextdoor, jukwaa la majirani la Marekani lililozinduliwa mwaka 2011, lilikutana na ndugu wa tatizo hili. Watu walikuwa wakitoa tahadhari juu ya mtu mweusi anayepita tu mtaani. Mwaka 2016 walibadili fomu: mwandishi anatakiwa aeleze kitendo, na rangi ya mtu peke yake haitoshi kuwa maelezo. Nami nikabadili yangu. Swali la kwanza ni umeona nini kikifanyika, la pili ni umempigia mwenye mali. Picha ya uso haipandi. Na taarifa yenyewe haiendi kwa mtaa mzima, inakwenda kwa waangalizi, mwenye mali na polisi kata. Wapo wanaosema nimeudhoofisha ulinzi. Nawaambia waje tumsikilize yule kijana.

Sasa michango, ambayo ndiyo moyo wa grupu lolote la Kitanzania. Mnaijua ile orodha: mtu anainakili, anaongeza jina lake namba 17, anairudisha, sekunde hiyo hiyo mwingine naye ameinakili ya zamani, naye ni namba 17. Ikifika jioni kuna orodha tatu, na mama mmoja ametoa elfu kumi ambayo haionekani popote. Kuitibu kiufundi ni rahisi: daftari moja, mhazini peke yake anaandika, kila anayetoa anapata meseji ya kukiri. Kazi ilikuwa kuamua nini kionekane. Nilipoonyesha kiasi cha kila mtu, waliokuwa wakitoa elfu mbili mkononi, kimya kimya, wakiinamisha na kichwa, waliacha kutoa. Waliona aibu kuandikwa chini ya mwenye laki. Nilipoficha majina yote, watu wakaanza kumshuku mhazini. Tulipofikia sasa ni kwamba majina yanaonekana bila kiasi, jumla inaonekana, na kiasi chako unakiona wewe na mhazini tu.

Pesa yenyewe haipiti kwetu hata shilingi. Inakwenda kwenye namba ya mhazini, sisi tunaandika tu. Ukianza kupokea na kutunza fedha za watu unaingia kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na leseni ya Benki Kuu si kitu cha kuombea kwenye meza ya jikoni.

Nani jirani? Nilidhani hili ni dogo. Wamarekani wanatuma postikadi yenye namba ya siri kwenye anwani yako. Kwetu, hata baada ya operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliyobandika namba kwenye nyumba, postikadi ingemfikia nani? Rafiki zangu wa kazi walinishauri nidai namba ya NIDA. Nilikataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mkusanyaji ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na akusanye kile tu anachokihitaji kwa kazi yake, na mimi sioni nahitaji namba ya kitambulisho ili kumjulisha mtu kuwa maji yatakatika. Tunatumia udhamini: watu wawili waliomo wanasema tunamjua, anakaa nyuma ya kanisa. Kasoro yake niliiona baadaye. Wapangaji, hasa wanafunzi wa chuo kikuu waliopanga upande wa Iyunga, hawana wa kuwadhamini, na wenye nyumba wengine wanapenda ibaki hivyo. Tukaongeza kanuni kwamba mpangaji mwenzako anatosha.

Jambo nililochelewa kuliona kuliko yote ni ukimya. Wakina dada walioolewa walikuwa hawaandiki kabisa. Nikafikiri ni bando, nikafikiri ni simu. Mwishowe jirani yangu mmoja, mke wa mtu, akaniambia: "Kaka, humo yumo baba mkwe." Hapo nikakumbuka niliyoyasoma kuhusu Wanyakyusa. Zamani Rungwe vijana wa rika moja walijitenga na kujenga kijiji chao, na mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930, aliona kwamba miiko kati ya mke na baba wa mumewe ilihusiana na mpangilio huo wa kuishi mbalimbali. Alieleza pia neno *ukwangala*, ile raha ya kukaa na wenzako mkazungumza mkatosheka. Nilikuwa nimejenga ukumbi mmoja, nikawaweka wote humo, kisha nikashangaa kwa nini wanatazama chini. Sasa kuna ukumbi wa wote kwa yale mambo ya milango mitatu, na vyumba vidogo ambavyo watu wanavifungua wenyewe: vikoba, wazazi wa chekechea, vijana wa mpira, kwaya. Vyumba ndivyo vyenye uhai. Ukumbini ni matangazo na salamu za *ugonile*.

Nusu ya mtaa ina kitochi, na wazee wengi ndio hao. Njia ya kwanza ya kuwafikia ni menyu ya nyota na reli, ile ya kutumia pesa. Ni nzuri, haihitaji bando, lakini ukurasa wake una nafasi ya herufi 182 tu, ukichelewa kujibu unakatika, na namba yake unaomba kwa mamlaka ya mawasiliano kisha unaunganishwa na kila kampuni ya simu kivyake. Kwa mtaa mmoja ni gharama isiyolipika. Jibu lilikuwa kubipu. Mzee anabipu namba moja, mfumo unampigia, sauti ya msichana wa kwaya inamsomea matangazo ya jioni. Simu tunalipa sisi, kutoka kwenye kifuko cha mtaa. Kati ya vyote nilivyowahi kubuni, hiki kilinichukua siku mbili, na ndicho watu wanachokitumia zaidi.

Kuhusu madaraka nitasema kifupi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anachaguliwa kwa tiketi ya chama, kwa hiyo akiwa na uwezo wa kufuta maneno ya watu, jukwaa limeshakuwa la chama, apende asipende. Wetu alinuna, kisha akakubali: ana sehemu yake ya kutangaza, hana kitufe cha kufuta. Waangalizi wawili hubadilishwa kila miezi mitatu, sambamba na mkutano wa mtaa, na kila wanachokifuta kinaacha alama inayosema nani amefuta na kwa nini. Elinor Ostrom, aliyepewa Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza namna watu wanavyotunza kwa pamoja mifereji, malisho na misitu, alionyesha kwamba vikundi vinavyodumu hutoa adhabu ndogo kwanza kisha huongeza. Wakulima wa mifereji ya Usangu wasingehitaji kuambiwa. Kwetu kosa la kwanza ni kuitwa pembeni, la pili ni wiki moja ya kusoma bila kuandika.

Wiki hii nashughulika na wafu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudi kwa kampuni ya simu na kuuzwa kwa mteja mwingine. Mwezi uliopita nilipigiwa na mtu wa Singida, ametaabika kweli, anauliza kwa nini kila jioni anatumiwa habari za maji ya Mbeya, na tena juzi ameamshwa usiku kwenda msiba wa mtu asiyemjua. Alikuwa amenunua laini ya yule jirani yangu wa mti wa parachichi. Namba nimeitoa. Jina nimemwuliza mjane wake kama nalo nilitoe, akasema nisubiri kwanza hadi arobaini ya mama yao ipite.