Ovaklokingi: prosesa inaposukumwa kupita kasi ya kiwandani

Ovaklokingi ni kuiendesha prosesa ya kompyuta kwa kasi kubwa kuliko ile iliyothibitishwa na kiwanda. Prosesa imeuzwa kama ya gigahezi 4. Wewe unaingia kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio inayotangulia mashine inapowashwa, unabadilisha tarakimu moja mbili, mashine inawaka ikiwa na gigahezi 4.5. Hujaongeza kifaa wala hujalipa senti. Ndiyo maana jambo hili lina mashabiki wengi, hasa wacheza gemu na vijana wanaojiundia kompyuta wenyewe. Lakini kama chipu ilikuwa na uwezo huo tangu mwanzo, kwa nini kiwanda hakikuiuza kwa bei ya gigahezi 4.5?

Jibu limo kwenye namna prosesa inavyohesabu muda. Kila kompyuta ina saa ya kielektroniki inayotoa mapigo. Katika mashine nyingi za leo mapigo ya msingi ni megahezi 100, na prosesa huyazidisha: mara 50 ni gigahezi 5, yaani mapigo bilioni 5 kila sekunde. Pigo moja hapo lina urefu wa nanosekunde 0.2, muda ambao mwanga wenyewe husafiri sentimita 6 tu. Ndani ya muda huo ishara ya umeme inatakiwa itoke kwenye hifadhi moja ndogo, ipite mlolongo wa transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, ifike kwenye hifadhi ya pili na kutulia kabla pigo linalofuata halijafika. Njia za aina hii ndani ya prosesa ni nyingi mno, fupi na ndefu, na ile ndefu kuliko zote ndiyo inayoamua mwendo wa chipu nzima. Ukifupisha pigo mpaka ishara ya njia hiyo ikachelewa, hifadhi itarekodi chochote itakachokikuta: sifuri penye moja, au moja penye sifuri.

Kiwanda kinalijua hilo, kwa hiyo kinaacha akiba. Chipu zinazokatwa kutoka sahani moja ya silikoni hazilingani. Hupimwa na kupangwa kwa madaraja, na kasi inayoandikwa ni ile ambayo hata chipu dhaifu ya daraja lake itaimudu ikiwa imepata joto, umeme ukiyumba kidogo, na baada ya kutumika kwa miaka. Anayefanya ovaklokingi anaila akiba hiyo. Wakati mwingine ni kubwa, wakati mwingine haipo kabisa, na kwa chipu uliyonayo mkononi huwezi kujua mpaka ujaribu.

Kuna wakati akiba ilikuwa kubwa kupita kiasi. Agosti 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini yenye megahezi 300. Ilikuwa ikizidisha mapigo ya megahezi 66 kwa 4.5, na kizidisho hicho kilifungwa kisibadilishwe. Watu wakaacha kizidisho, wakapandisha mapigo yenyewe hadi 100, na nyingi ya chipu hizo zikakimbia megahezi 450 bila shida. Mtu alilipa chini ya dola 200 akapata mwendo wa Pentium II iliyouzwa zaidi ya dola 600. Sehemu kubwa ya sifa ya ovaklokingi kama chakula cha bure ilitokana na chipu hiyo.

Hata hapo palikuwa na mtego ambao wengi waliujua baada ya kuumia. Mapigo ya ubao mama, yaani bodi kuu inayobeba prosesa, hayakuendesha prosesa peke yake. Njia ya PCI, ambako zilichomekwa kadi na kidhibiti cha diski, ilipata mwendo wake humohumo kwa kugawanya. Megahezi 66 ukigawa kwa 2 unapata 33, kipimo halali cha PCI. Mia moja ukigawa kwa 3, bado ni 33. Lakini aliyeogopa kuruka hadi 100 akaamua kusimama 83, bodi yake iligawa kwa 2 na PCI ikaendeshwa kwa zaidi ya 41. Prosesa ilikuwa salama kabisa, mafaili kwenye diski ndiyo yaliyoharibika. Mwoga akapata hasara kuliko jasiri, jambo lisilotokea mara nyingi kwenye fani hii.

Turudi kwenye leo. Ishara ikichelewa, dawa ya kwanza ni kuongeza volteji, kwa sababu transista iliyopewa volteji zaidi hufunguka na kufunga upesi. Malipo yake ni joto. Umeme unaoliwa na transista zinapowaka na kuzima huongezeka sambamba na kasi, na huongezeka kwa kipeo cha pili cha volteji. Pandisha kasi kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10, ulaji unazidishwa kwa 1.33: prosesa ya wati 125 sasa inadai kama wati 166. Pandisha vyote kwa asilimia 20, unafika wati 216. Na silikoni iliyopata joto huvujisha umeme zaidi hata isipofanya kazi, uvujaji unaleta joto, joto linaleta uvujaji.

Hapa hali ya hewa ya kwetu inaingia. Feni, hata kipoza cha maji, haiwezi kuipoza chipu chini ya joto la chumba; inachoweza ni kupunguza tofauti kati ya hivyo viwili. Mzungu anayeonyesha mipangilio yake kwenye video amekaa kwenye chumba cha nyuzi 20. Ukiinakili Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32, zile 12 za ziada zinahamia karibu zote kwenye chipu. Prosesa nyingi za sasa zina kikomo cha nyuzi 95 hadi 100. Zikikifikia hujipunguzia mwendo zenyewe. Unaweza basi ukaongeza kasi kwenye BIOS ukapata kompyuta inayokwenda polepole kuliko ilivyokuwa. Hofu ya kuona moshi, kwa upande wa joto, imepitwa na wakati. Ulinzi huo hufanya kazi yake vizuri.

Hatari ninayoiona kubwa kuliko zote haina moshi wala harufu. Ni prosesa kukosea hesabu na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengi hudhani mashine iliyosukumwa kupita kiasi itajionyesha: itaganda, itazimika, italeta skrini ya bluu. Hiyo ni bahati njema. Tarakimu iliyogeuka ikiangukia kwenye anwani ya kumbukumbu, ndiyo, programu itakufa mara moja. Ikiangukia kwenye rangi ya nukta moja ya picha, hutaiona maisha yako yote. Ikiangukia kwenye kiasi cha fedha katika jedwali la mishahara, au katikati ya faili la zip unalohifadhi kisha ukafuta la asili, utaijua siku utakapolihitaji. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina RAM ya kujisahihisha, na hata zingekuwa nayo, isingesaidia kosa lililofanyika ndani ya prosesa yenyewe.

Uthibitisho kwamba hili hutokea upo. Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walitoa uchambuzi wa hitilafu za vifaa kwenye kompyuta za watumiaji wa kawaida karibu milioni moja. Mashine zilizoendeshwa juu ya kasi yake zilianguka kwa makosa ya prosesa mara nyingi zaidi, na iliyoanguka mara moja ilikuwa na uwezekano mkubwa wa kuanguka tena. Zile zilizoendeshwa chini ya kasi yake zilitulia kuliko hata za kawaida. Hayo ni maanguko tu, yaani makosa yaliyojitangaza. Yale ya kimya hayakutuma ripoti kokote.

Desemba 2019 ukaja ushahidi wa namna nyingine, ulioitwa Plundervolt. Watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na Leuven waliikaribia mipaka ileile kwa upande wa pili: badala ya kuongeza kasi walipunguza volteji ya prosesa za Intel kidogo kidogo, mpaka ishara zikaanza kuchelewa. Kabla mashine haijaganda palikuwa na uwazi mwembamba ambamo ilifanya kazi zote kama kawaida, ila kuzidisha kulitoa jibu la uongo. Kutokana na majibu hayo ya uongo waliweza kuchomoa funguo za siri zilizofungiwa ndani ya chipu. Intel ikaziba njia hiyo ya kubadili volteji kwenye mashine zilizoathirika. Kwetu sisi funzo la kiufundi ni ule uwazi: kati ya prosesa nzima na prosesa iliyoganda kuna hali ya tatu, na kompyuta ikiwa ndani yake, mwenyewe hana dalili ya kumwambia.

Ndiyo sababu watu makini hawaridhiki na Windows kuwaka. Huendesha Prime95, programu ya kutafuta namba tasa, kwa sababu hufanya hesabu nzito ambazo majibu yake yanajulikana, hivyo kosa dogo linanaswa. Hupima na RAM kwa Memtest86. Hata hivyo jaribio linapima njia linazozipita tu, kwa joto la saa hiyo. Mashine iliyofaulu usiku wa manane inaweza kufeli saa nane mchana, na iliyomudu gemu inaweza kushindwa na programu ya video inayotumia AVX, amri nzito zinazohesabu namba nyingi kwa mpigo.

Kuna pia uzee. Mkondo mkali wa elektroni kwenye nyaya nyembamba ndani ya chipu husukuma atomi za nyaya hizo taratibu kutoka mahali pake, na joto huharakisha mwendo huo. James Black wa Motorola aliandika kanuni yake mwaka 1969. Volteji ya juu nayo huchosha tabaka la kuhami la transista. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliozipa Pentium 4 za aina ya Northwood zaidi ya volti 1.7 walishuhudia chipu zikifa ghafla baada ya muda mfupi. Kwa kawaida kifo huja polepole: kasi iliyokuwa imara mwaka jana mwaka huu inadai volteji zaidi, unaiongeza, nayo inazeeka haraka zaidi.

Wenye viwanda wenyewe hawajaponea. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za AMD, Ryzen 7000 za aina ya X3D, ziliungua kwenye soketi kutokana na volteji iliyopandishwa na EXPO, mipangilio tayari ya kuharakisha RAM, na AMD ikaiwekea volteji hiyo kikomo cha volti 1.3. (EXPO na XMP, mwenzake wa upande wa Intel, nazo ni ovaklokingi, ingawa ni kubofya mara moja tu kwenye BIOS.) Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiomba volteji ya juu mno na kuharibika zikiwa kwenye kasi za kiwandani. Ikatoa masasisho ya kurekebisha na kuongeza dhamana kwa miaka miwili, lakini chipu iliyokwisha kudhurika haikuponywa na sasisho.

Matukio hayo yanaonyesha kilichobadilika tangu enzi za Celeron: akiba sasa inaliwa kiwandani. Tangu Turbo Boost ya mwaka 2008 prosesa hujipandisha yenyewe kila inapopata nafasi ya joto na umeme, na Core i9-13900KS ya mwaka 2023 iliuzwa ikiwa na uwezo wa kufika gigahezi 6 bila kuguswa. Kinachobaki kwa mwenye kujaribu ni asilimia chache. Ukuta wenyewe ni wa zamani. Mwaka 2004 Intel iliahirisha, kisha ikafuta, Pentium 4 ya gigahezi 4 kwa sababu ya joto na ikageukia kuongeza viini, yaani prosesa kadhaa ndani ya chipu moja. Rekodi unazozisikia, kama ile ya mwishoni mwa 2022 iliyovuka gigahezi 9, hupatikana kwa kumiminia heliamu ya kimiminika ya nyuzi 269 chini ya sifuri, kwa muda wa kutosha kunasa kipimo.

Na si kazi zote zinazofaidika. Data isiyokuwa ndani ya prosesa huletwa kutoka RAM, safari ya nanosekunde 80 hivi. Kwenye gigahezi 5 hayo ni mapigo 400 ya kusubiri, ukifika 5.5 ni mapigo 440. Muda ni uleule. Gemu inayosubiri kadi ya picha nayo haitabadilika. Mimi ningeanza na kusafisha vumbi, kubadilisha pesti ya joto (ile inayopakwa kati ya chipu na kipoza) na kuongeza RAM kabla ya kugusa kizidisho.

Bado unataka? Kizidisho kiko wazi kwenye Ryzen nyingi na kwenye Intel zenye herufi K, na bodi nazo zichague kwa makini kwa sababu si zote zinazoruhusu. Uharibifu wa ovaklokingi haumo kwenye dhamana ya AMD hata ukitumia programu yao wenyewe, na Intel iliacha kuuza bima yake maalumu ya jambo hili mwaka 2021. Kwa anayenunua kompyuta iliyotumika, kitu cha kufanya mbele ya muuzaji ni kurudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, kisha kuiendesha Prime95 hapohapo kwa nusu saa au zaidi. Ikikosea hesabu kwenye kasi ya kawaida, na RAM na upoaji wake ni sawa, basi huenda akiba ya chipu hiyo ilishaliwa na mmiliki wa kwanza.