Je, wajua kwa nini shingo ya gitaa la klasiki hukatwa kwanza, kisha ikagundishwa?

Ukiligeuza gitaa la klasiki lililotengenezwa kwa mkono na kukagua mgongo wa shingo karibu na kichwa, mara nyingi utaona mstari mwembamba unaovuka mbao kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Wengi wakiuona hudhani shingo iliwahi kuvunjika ikatiwa gundi, au fundi aliungaunga mabaki. Sivyo. Fundi alikuwa na ubao mzima usio na kasoro, akaukata kwa mshazari kwa makusudi, akakipindua kipande kilichokatika, kisha akakigundisha mahali pake kiwe kichwa.

Kichwa cha gitaa hakilingani na shingo. Huinamia nyuma kwa takriban digrii 15. Mwinamo huo una kazi. Kati ya kichwa na ubao wa vidole kuna kipande kidogo cha mfupa chenye vijia sita, na kila uzi lazima ukikandamize ili usichezecheze na kutoa mkwaruzo. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40 kwa jumla. Kwa mwinamo wa digrii 15, karibu robo ya mvuto wa kila uzi hugeuka kuwa mgandamizo juu ya mfupa. Umbo la gitaa tunalolijua leo limetokana sana na kazi ya Antonio de Torres wa Almería, Hispania, aliyeishi kati ya 1817 na 1892, na mwinamo huu umo katika umbo hilo.

Sasa, kwa nini fundi asichonge shingo na kichwa kutoka gogo moja? Dhana iliyozoeleka ni kwamba kipande kimoja ndicho imara na kiungo ndicho udhaifu. Kwa chuma kilichomiminwa dhana hiyo ingekuwa na uzito, kwa kuwa nguvu ya chuma hicho hukaribiana kila upande. Mbao haiko hivyo. Nguvu yake ina mwelekeo, na anayesahau jambo hili ataipanga hesabu yote kinyume.

Fikiria kitita cha njiti ndefu zilizogandishwa pamoja kwa gundi hafifu. Shika ncha zote mbili uvute: huwezi kukikata, maana unashindana na kila njiti kwa urefu wake. Ukizitenga njiti kwa kuingiza kisu katikati yake, kitita hupasuka bila taabu, kwa sababu hukukata njiti hata moja. Umeachanisha gundi tu. Mbao ni kitita hicho. Nyuzinyuzi zake ni njiti, na kinachozishikamanisha ni dhaifu mno kuliko zenyewe. Sasa kata kitita hicho kwa mshazari, vipande vya njiti viwe vifupi: ukikikunja, hakina tena njiti ndefu ya kubeba mzigo, na kitaachana pale pale njiti zilipokatizwa.

Hicho ndicho hutokea kichwa kikichongwa kutoka ubao mmoja. Nyuzinyuzi za mbao huendelea kunyooka kufuata shingo, ilhali kichwa kimeinama. Kwa hiyo huingia kichwani upande mmoja na kutokea upande wa pili. Kichwa chenye unene wa milimita 20 kilichoinama digrii 15 hakiwezi kuwa na unyuzi mrefu kuliko milimita 77 hivi. Hakuna hata mmoja unaotoka shingoni ukafika ncha ya kichwa. Isitoshe, kichwa cha gitaa la klasiki hutobolewa mianya miwili mirefu ya kupitishia nyuzi, na vijiti vya mbao vinavyobaki ni vyembamba. Gitaa likianguka chali, kichwa ndicho hupigwa kwanza, na mbao hupasuka kwa mshazari nyuma ya ule mfupa.

Kipande kilichopinduliwa huondoa tatizo hilo. Fundi hukata ubao kwa msumeno kwa pembe ya digrii 15, hukipindua kipande, huzipiga randa nyuso zote mbili hadi ziwe bapa kabisa, kisha huzigundisha. Kichwa hupata mwinamo wake, na nyuzinyuzi zake hufuata urefu wa kichwa chenyewe. Eneo la gundi nalo ni kubwa: mkato wa mshazari katika unene wa milimita 20 una urefu wa milimita 77, na upana wake ni wa shingo nzima.

Hapa lazima niweke sharti. Gundi nzuri ya mbao hushika kwa nguvu inayolingana na mbao yenyewe pale tu nyuso zinapokutana ubavu kwa ubavu wa nyuzinyuzi, zikiwa zimerandwa karibuni na kubanana bila upenyo. Ncha za nyuzinyuzi zikitazamana ana kwa ana, hunyonya gundi na kiungo huwa dhaifu. Mkato wa digrii 15 uko karibu sana na ubavu, ndiyo maana unafaa. Na kwa kuwa nyuso mbili za mshazari huteleza zikibanwa, fundi huzifunga zisisogee kabla ya kukaza klampu. Wapo wanaotumia kiungo chenye umbo la herufi V badala yake. Ni kigumu zaidi kukitengeneza, na ni kizuri sana kukitazama.

Mbao pia huokolewa. Kichwa cha milimita 200 kilichoinama digrii 15 hushuka milimita 52, hivyo kukichonga kutoka kipande kimoja kungehitaji ubao wenye unene wa zaidi ya milimita 70, na sehemu kubwa ingeishia kuwa taka. Kwa sababu hiyo hiyo kisigino, pale shingo inapokutana na mwili, mara nyingi hujengwa kwa vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mbao inayopendwa ni Cedrela odorata, mti wa ukoo mmoja na mahogani na mwarobaini, mwepesi na usiopindika ovyo.

Kuhusu madai kwamba kiungo huharibu sauti, tahadhari inafaa: magitaa mawili hayatofautiani kwa kiungo tu, hata mbao mbili za mti mmoja hazilingani, kwa hiyo sikio haliwezi kukitenga kiungo peke yake.

Adui halisi wa kiungo hiki ni joto. Gundi nyingi za mbao hulainika zikipashwa, na gundi ya ngozi ya wanyama huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi, hasa kukiwa na unyevu. Gari lililofungwa juani laweza kukaribia kiwango hicho, huku kilo 40 za mvuto zikiendelea kukivuta kichwa.