Transfoma kushusha volti haimaanishi inaua signo

Kwanza hii ya kusema transfoma iliyo kati ya steji (hatua za ukuzaji) mbili za transista kwenye amplifaya ndiyo "inakuza sauti" tuiache jamani, pawa inayotoka sekondari (koili ya kutolea) haiwezi kuzidi iliyoingia praimari (koili ya kuingizia), tena hupungua kidogo kwa joto la waya na chuma. Anayekuza ni transista.

Sasa kuna wanaoruka upande wa pili, wakiona transfoma ni ya kushusha volti wanasema signo (umeme unaobeba sauti) imekufa hapo. Wapi! Besi (mguu wa transista unaopokea signo) inataka karenti. Tuseme besi ya steji ya pili ina ukinzani wa kilo-om 1, kolekta (mguu unaotoa signo) ya steji ya kwanza ina kilo-om 10 na inatoa miliampea 1 ya signo. Ukiunga steji hizo kwa kapasita badala ya transfoma besi inapata kama miliampea 0.91. Weka transfoma ya mizunguko 3.16 praimari kwa 1 sekondari, ukinzani wa besi unaonekana mkubwa kwa mraba wa huo uwiano, yani mara 10, kwa hiyo kolekta inaona kilo-om 10, nusu ya karenti inapita praimari halafu inazidishwa 3.16 na besi inakula 1.58, pawa karibu mara 3 ya ile ya kapasita. Volti imeshuka na faida umepata. Ila usikimbilie uwiano mkubwa, ukiweka 10 kwa 1 unarudi palepale kwenye 0.91, hela ya transfoma imeenda bure.

Wengine husema, "Transfoma inazuia DC so biasi haina shida." (Biasi ni umeme mdogo wa DC, yani wa mwelekeo mmoja, unaoiweka transista tayari kufanya kazi.) Inazuia kati ya steji na steji, sawa, lakini sekondari yenyewe ni waya tu, ukiichomeka moja kwa moja kutoka besi kwenda graundi umeshoti biasi (nimeshafanya hivyo, amplifaya kimya kabisa, nikalaumu transista). Biasi ipitishe ncha ya chini ya sekondari, hapo weka kapasita kwenda graundi.

Na kolekta haiishii kwenye volti za betri kama watu wanavyodhani, ukiwa na volti 9 inaweza kupanda karibu 18 sababu praimari inarudisha nishati iliyohifadhi, transista iwe ya kuhimili hiyo.

Kuhusu eti sauti inakuwa safi kuliko ya kapasita, mara nyingi ni kinyume: sauti nzito (bass) zinapungua sababu praimari haina indaktansi ya kutosha, treble (sauti nyembamba) nazo zinaliwa na kapasitansi ya koili.