Sera Moja ya Nje kwa Nchi Nane: Anayetaka Kuchunguza Aanzie Wapi?

Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuitaka Urusi iondoe majeshi yake nchini Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono. Siku hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na wanachama sita, na sita hao wakagawanyika: Kenya na Rwanda zikaunga mkono azimio, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zikajizuia kupiga kura.

Ukiufungua Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya, ule uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, utakuta Ibara ya 123 inatamka kwamba nchi wanachama zitaweka na kutekeleza sera za pamoja za mambo ya nje na usalama. Baadaye zikafuata itifaki: ya kuratibu sera za nje mwaka 2010, ya ushirikiano wa ulinzi mwaka 2012, ya amani na usalama mwaka 2013. Wanachama nao wameongezeka wakawa wanane. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikubaliwa mwishoni mwa mwezi uleule wa Machi 2022, na Somalia ikawa mwanachama kamili Machi 2024.

Wanafunzi wa hapa Mombasa wanaotujia wakitaka kuandika juu ya mtangamano wa kikanda huuliza swali la haki kabisa: sera hiyo ya pamoja ipo au haipo? Likiulizwa hivyo, jibu utakalopata kwa wakubwa ni hotuba. Afadhali uulize: ni katika jambo gani, lini, na nani aliyelipa gharama? Ahadi ya majirani hupimika siku inapomtoa mmoja wao fedha, askari au soko. Siku za kawaida kila mtu ni ndugu.

Kwanza, ijue karatasi unayoisoma imefika hatua gani. Wengi, waandishi wa habari wakiwemo, huchanganya kutia saini na kuridhia. Rais au waziri akitia saini itifaki, nchi imeonyesha nia. Kinachoifunga ni kuridhia, na kwa Kenya, sheria ya mwaka 2012 kuhusu kufanya na kuridhia mikataba inataka Bunge lihusishwe kabla ya hapo. Mkataba ukisharidhiwa, Ibara ya 2(6) ya Katiba ya 2010 inaufanya sehemu ya sheria za Kenya. Tanzania wana utaratibu mwingine: Bunge huridhia, lakini mkataba hautumiki kama sheria ya ndani mpaka utungiwe sheria yake. Kwa hiyo maneno yaleyale yanaweza kuwa na nguvu Lunga Lunga na yakakosa nguvu hiyo Horohoro, ng'ambo ya mpaka. Mtafiti asiyeandika jedwali la nani alitia saini, nani aliridhia na lini, atajenga hoja yake juu ya mchanga.

Halafu kuna jambo la maafikiano. Maamuzi ya Mkutano wa Wakuu wa Nchi hufikiwa kwa kukubaliana wote, si kwa wingi wa kura. Ndiyo maana matamko ya mwisho ya mikutano hiyo mara nyingi huwa laini. Yasome kwa kutafuta kilichoachwa. Weka tamko la mwaka huu kando ya la mwaka jana, uone ni nchi gani au mgogoro gani uliotajwa ukatoweka. Hapo ndipo mabishano ya ndani yanapojionyesha.

Mfano ninaowahimiza vijana waufuate kwa kina ni ule wa mashariki mwa Kongo, kwa sababu umeacha nyayo kila mahali. Mwaka 2022 wakuu wa nchi walikubaliana kupeleka kikosi cha kikanda. Burundi, Kenya, Uganda na Sudan Kusini zikatoa askari. Rwanda haikuwemo, kwa kuwa Kinshasa, inayoituhumu Kigali kuwaunga mkono waasi wa M23, tuhuma ambazo Kigali imezikanusha, haikutaka askari wake. Kwa upande wa Kenya, Ibara ya 240 ya Katiba inataka Bunge liidhinishe kabla majeshi hayajapelekwa nje kwa kazi ya amani ya kikanda. Bunge la Taifa lilifanya hivyo Novemba 2022, na mwezi huohuo askari wa Kenya wakatua Goma. Mjadala umo kwenye kumbukumbu za Bunge, neno kwa neno: nani aliuliza juu ya fedha, nani aliuliza wanajeshi watarudi lini, kamati ilijibu nini. Kijana wa Kisauni mwenye simu na bando anaweza kuusoma leo usiku.

Kikosi kilipofika, ikadhihirika kwamba waliokituma na waliokipokea hawakuwa na maelewano juu ya kazi yenyewe. Kinshasa ilitaka kipigane na M23. Waliotuma walisisitiza kwamba wapo kusimamia uondokaji wa waasi na kutoa nafasi ya mazungumzo, yaliyokuwa yakiongozwa na Uhuru Kenyatta kwa niaba ya Jumuiya. Kinshasa ikakataa kuongeza muda, na Desemba 2023 kikosi kikaondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, chenye askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania.

Tanzania! Hapo nakusihi usimame. Ni mwanachama wa jumuiya zote mbili, na Kongo pia. Haikutoa askari kwa kikosi cha Afrika Mashariki, ikatoa kwa kile cha kusini. Kwa nini? Majibu mepesi yapo mengi mitandaoni, ila utafiti hauanzi na jibu. Fuata mlolongo: Dodoma ilisema nini kabla na baada, nani alikuwa anatoa amri katika kila kikosi, historia ya Tanzania na ukombozi wa kusini inabeba uzito gani katika sera yake ya nje. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliiteka Goma. Tarehe 8 Februari jumuiya zote mbili zilikutana Dar es Salaam kwa kikao cha pamoja, na Machi SADC ikatangaza kukihitimisha kikosi chake. Ndani ya miezi hiyo ishirini na kitu tangu Novemba 2022 kuna tasnifu kadhaa zinazosubiri mwandishi, na ningefurahi sana kuona walau moja imeandikwa kwa Kiswahili. Itifaki hizi ziliandikwa kwa Kiingereza, na watu zinaowahusu, wa Likoni na wa Bukavu, wengi wao huzungumzia siasa kwa Kiswahili.

Biashara nayo ni sera ya nje, japo wengi huisahau. Jumuiya ni umoja wa forodha tangu mwaka 2005, na ilijadiliana na Umoja wa Ulaya kama kundi moja kuhusu mkataba wa ubia wa kiuchumi. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zikatia saini, Tanzania ikakataa, mambo yakakwama miaka. Mwishowe Kenya ikatia saini mkataba wake peke yake Desemba 2023, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Sababu haijafichika. Kenya haimo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni kabisa, kwa hiyo bila mkataba maua na maharagwe yake yangetozwa ushuru Ulaya. Majirani zake wamo katika orodha hiyo, na bidhaa zao huingia bila ushuru hata wasipotia saini chochote. Sijaona usaliti hapo. Naona hesabu mbili tofauti chini ya paa moja, na mtafiti anapaswa kuzipiga zote mbili kabla ya kumlaumu yeyote.

Je, kuna mahali ushirikiano unafanya kazi? Upo, na sehemu yake iko Kilindini. Kontena la mzigo wa Kampala linapotoka bandarini, mlango wake hutiwa lakiri ya kielektroniki. Kodi ya Uganda imeshakadiriwa na kulipwa kabla lori halijaondoka, chini ya utaratibu wa himaya moja ya forodha ulioanza mwaka 2014, na maafisa wa mapato wa Uganda wana ofisi hapahapa Mombasa. Lori likipita Mariakani, likikata Mtito Andei hadi Malaba, mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zinaliona kwenye mfumo mmoja uliozinduliwa mwaka 2017. Dereva akitoka njia iliyopangwa, au mlango ukifunguliwa, ishara hutokea na kikosi cha karibu hutumwa. Huo ni usalama wa pamoja. Nchi tatu zinapeana taarifa za papo hapo, jambo ambalo majeshi yao hufanya kwa tahadhari kubwa.

Baharini ni vivyo hivyo. Uharamia wa pwani ya Somalia ulipopandisha bima za meli, nchi za ukanda huu zilitia saini Kanuni za Djibouti Januari 2009, na vituo vya kubadilishana taarifa vikawekwa Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a. Washukiwa waliokamatwa na manowari za kigeni waliletwa hapa kushtakiwa, na wengi walishikiliwa Shimo la Tewa. Maoni yangu ni kwamba majirani hushirikiana vizuri pale jambo linapokuwa dogo, linapimika, na hasara yake inawagusa wote kwa pamoja. Mwanzoni mwa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipozuia barabara na reli ikang'olewa Kibera, mafuta yaliadimika Kampala na Kigali. Somo hilo halikuhitaji itifaki kueleweka.

Kuna mtego mmoja humnasa hata mtafiti mzoefu. Ukikuta nchi nne za Jumuiya zimepiga kura sawa New York, usikimbilie kusema Arusha, yaliko makao ya Jumuiya, imefanya kazi. Nchi za Afrika hushauriana kama kundi la bara zima kabla ya kura nyingi, kwa hiyo linganisha kwanza na Zambia, Ghana au Botswana. Kama nao wamepiga kura hivyohivyo, huenda Jumuiya haikuwa na mkono wowote. Swali la kujiuliza kila mara ni: wangefanya hivyo hata kama Jumuiya isingekuwepo? Na kura za siri, kama ile ya kumchagua mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, hazifai kuwa ushahidi wa nani alimuunga mkono nani, hata mtu akuapie.

Kuhusu vyanzo, Mombasa imebarikiwa. Mamlaka ya Ushoroba wa Kaskazini, iliyotokana na makubaliano ya mwaka 1985, ina makao yake hapa na huchapisha takwimu za mizigo na muda wa safari hadi mipakani. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa Mkenya haki ya kuomba taarifa katika ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Mambo ya usalama wa taifa yana kinga, kwa hiyo omba barua za mikutano na bajeti, usiombe mipango ya kijeshi. Utafiti wenyewe unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ukihoji maafisa, madereva au mawakala wa forodha, waeleze mapema maneno yao yataenda wapi, na asiyetaka kutajwa asitajwe hata kwa cheo.

Na kama unatafuta mada ambayo bado ni mbichi, tazama baharini kaskazini mwa Lamu. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, na Kenya ikaukataa uamuzi huo. Chini ya miaka mitatu baadaye nchi hizo mbili zikawa wanachama wa jumuiya moja, inayoahidi sera moja ya usalama. Hukumu yenyewe inasomeka bure kwenye tovuti ya mahakama, pamoja na michoro ya mstari. Wavuvi wa Kiunga wanajua doria za nani huonekana wapi. Anza na hao wawili, hukumu na wavuvi, halafu uende Arusha ukaulize Sekretarieti imefanya nini.