Je, wajua kwa nini Squid Game ilivuma vile, na kama ilistahili?

Tamthilia ya Kikorea ya Squid Game ilianza kuonyeshwa Netflix tarehe 17 Septemba 2021. Katika siku 28 za kwanza ilitazamwa kwa jumla ya saa bilioni 1.65, kiwango ambacho hakuna tamthilia ya Netflix iliyokuwa imekifikia. Wapo waliosema ni kelele za mitandao tu: watu wazima wamevalishwa trakisuti za kijani, wanachezeshwa michezo ya watoto, anayeshindwa anapigwa risasi. Na kweli, Wajapani walishatengeneza filamu za namna hiyo miaka mingi kabla. Sasa sifa zote zile zilitoka wapi?

Mimi naona jibu liko kwenye sehemu ya pili ya msimu wa kwanza, ambayo haina mchezo hata mmoja. (Kama hujaitazama, kuanzia hapa nitakufichulia kisa.)

Wachezaji 456 wameingia wakifuata donge nono. Mchezo wa kwanza, ule wa kuganda mwanasesere anapogeuka, unaua 255. Waliobaki, 201, wanapiga magoti wakiomba waachiwe. Wanakubaliwa, maana masharti waliyotia saini yanasema wengi wakitaka, mchezo unavunjwa. Wanaitwa mmoja mmoja kupiga kura. Zinafika 100 kwa 100, na kura ya mwisho, ya mzee mwenye namba 001, inawarudisha wote nyumbani.

Huko nyumbani ndiko kwenye balaa lenyewe. Gi-hun, steringi wetu, anakuta mama yake anaugua kisukari, mguu umeharibika, na bima ya matibabu alishaivunja yeye mwenyewe akala hela. Ali, kibarua kutoka Pakistani, hajalipwa mshahara kwa miezi. Baada ya siku chache watu 187 wanarudi mchezoni, wala hakuna aliyeshikiwa bunduki. Aliyewahi kukopa mkopo wa kausha damu hahitaji kuelezwa kwa nini.

Mwandishi na mwongozaji wake, Hwang Dong-hyuk, hakuyatoa hayo hewani. Alianza kuiandika kati ya 2008 na 2009 akiwa amefulia, hadi akauza kompyuta yake. Wawekezaji waliikataa kwa takriban miaka kumi, wakiona ni ukatili usioaminika. Gi-hun naye ni fundi wa kiwanda cha magari aliyepunguzwa kazi. Hapo Hwang alikuwa na mgomo wa kweli kichwani: mwaka 2009 wafanyakazi wa kampuni ya magari ya SsangYong walikalia kiwanda chao huko Pyeongtaek kwa siku 77 wakipinga kupunguzwa, mpaka polisi wakawavamia. Na mwaka 2021 tamthilia ilipotoka, madeni ya kaya za Korea Kusini yalikuwa karibu sawa na pato zima la nchi kwa mwaka.

Michezo yenyewe aliichagua iwe rahisi makusudi, mtazamaji aielewe papo hapo ili macho yabaki kwenye nyuso za watu. Ndiyo maana sehemu ya sita, ya gololi, inauma kuliko zote. Watu wanaambiwa wajipange wawiliwawili, kila mtu anachagua anayempenda au anayemwamini, halafu ndipo wanaelezwa kwamba ni mmoja tu wa kila jozi atakayetoka hai. Sang-woo, msomi wa mtaani kwa kina Gi-hun, anambadilishia Ali gololi zake kwa mawe. Ali anaendelea kumwita wakati mwenzake ameshaondoka.

Tuzo za Emmy za 2022, tuzo za televisheni za Marekani, zilimpa Lee Jung-jae, anayemwigiza Gi-hun, ushindi wa mwigizaji bora wa kiume na Hwang wa mwongozaji bora. Tamthilia isiyo ya Kiingereza haikuwahi kuzipata hizo. Kwangu ni halali yao.

Lakini isipambwe kupita kiasi. Wale matajiri waliovaa vinyago vya dhahabu, wanaokuja kutazama michezo, wanaongea kama wanasoma ubaoni, na yule polisi anayemtafuta kaka yake anakula muda bila faida. Msimu wa pili wa Desemba 2024 na wa tatu wa Juni 2025 ndipo ilipovutwa kama mpira: kura iliyokuwa pigo la ghafla inapigwa tena na tena kila mchezo ukiisha, na unajua watu watachagua nini kabla hawajabonyeza kitufe. Sehemu tisa za mwanzo zinakutosha.