Filamu za wanasoka waliosongwa na matatizo: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Magari yanakata mitaa ya Naples kwa kasi, kamera ikiyafuata kwa nyuma, na kwa dakika kadhaa mtazamaji haelezwi chochote. Ni tarehe 5 Julai 1984. Katika msafara huo yumo kijana wa miaka 23 anayepelekwa katika uwanja wa San Paolo, ambako zaidi ya watu 70,000 wamelipa kiingilio, si kutazama mechi, bali kumwona tu akiupiga danadana mpira. Hivyo ndivyo inavyoanza filamu ya makala ya Asif Kapadia kuhusu Diego Maradona, iliyotoka mwaka 2019, na nimezungumza na watu wengi walioitazama mpaka mwisho wakaondoka na neno moja: alipewa kila kitu, akakichezea mwenyewe.

Neno hilo linanisumbua, kwa sababu filamu yenyewe haikulisema. Wengi wetu tunazitazama filamu hizi kwenye simu, vipande vipande, kisha tunazimalizia vijiweni kwa maneno yetu, na katika kuzimalizia huko ndimo zinamozaliwa dhana ambazo baadaye hurudiwa kana kwamba zilitoka kwa mashahidi.

Dhana ya kwanza: kamera ilikuwepo, kwa hiyo tumeona kila kitu

Picha nyingi za faragha zilizomo katika filamu ya Kapadia hazikupigwa na mpelelezi wala mwandishi wa habari. Wakala wa kwanza wa Maradona, Jorge Cyterszpiler, rafiki yake wa tangu utotoni, ndiye aliyewaajiri wapiga picha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili wamfuate kijana huyo nyumbani, mazoezini na safarini, akikusudia kutengeneza filamu ya kumtangaza. Filamu hiyo haikukamilika. Kanda zilibaki, na miongo mitatu baadaye Kapadia na wenzake wakajikuta na zaidi ya saa 500 za picha za kuchambua. Filamu iliyotoka ni ya saa mbili na dakika chache. Mtazamaji afanye hesabu mwenyewe: kwa kila saa moja aliyoitazama, kuna saa zaidi ya 200 zilizoachwa, na aliyeamua ipi ibaki na ipi iondoke ni mhariri, si Maradona wala mpiga picha.

Silisemi hili ili kuitilia shaka kazi hiyo, ambayo naiona kuwa miongoni mwa kazi bora za aina yake. Nalisema kwa sababu picha iliyopigwa kwa nia ya kumsifu mtu haiwezi kusomwa kama picha iliyopigwa kwa nia ya kumchunguza. Maradona anapocheka na familia yake mbele ya kamera ile, anajua inafanya kazi kwa niaba yake.

Hata wingi wa kamera hauondoi jambo hili. Mwaka 2005, kwa ajili ya filamu, Zinedine Zidane alielekezewa kamera 17 kwa wakati mmoja katika mechi ya Real Madrid dhidi ya Villarreal, nazo hazikumwacha tangu mwanzo hadi alipotolewa kwa kadi nyekundu. Tunayaona jasho, macho na hata namna anavyoburuta ncha za viatu vyake kwenye nyasi. Alichokuwa anakiwaza kabla ya kuingia katika ugomvi ule wa mwisho hatukioni.

Dhana ya pili: mchezaji aliharibikiwa kwa tabia yake mwenyewe

Hii ndiyo dhana nzito kuliko zote, na ndiyo yenye madhara zaidi, kwa hiyo niruhusiwe kukaa nayo.

Siku ileile ya Julai 1984, kabla Maradona hajatoka kwenda uwanjani, kulikuwa na mkutano na waandishi wa habari katika chumba kilichojaa hadi watu wakabanana ukutani. Mwandishi mmoja akauliza kama Maradona anafahamu habari za Camorra, genge la kihalifu la Naples, na kama fedha za genge hilo zimehusika katika usajili wake. Rais wa klabu, Corrado Ferlaino, aliwaka kwa hasira, akalikataa swali hilo na kuamuru mwandishi atolewe nje. Maradona amekaa pale pale mezani, akiutazama ugomvi unaoendelea kwa lugha ambayo bado hajaizoea. Mimi huirudia sehemu hii mara kwa mara, maana ndani ya dakika moja inaonyesha kwamba matatizo yaliyokuja kumpata yalikuwa yamekaa chumbani kabla yeye hajafungua kinywa.

Aliipa Napoli ubingwa wa Italia mwaka 1987, wa kwanza katika historia ya klabu, Kombe la UEFA mwaka 1989 na ubingwa mwingine mwaka 1990. Katika miaka hiyo alicheza kwa sindano za kutuliza maumivu ya mgongo, na akawa karibu na ukoo wa Giuliano wa mtaa wa Forcella, waliompa ulinzi, karamu na kokeini, nao wakapata heshima ya kupiga picha naye. Mwaka 1989 alitaka kuondoka. Klabu ilikataa. Ferlaino mwenyewe alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba kuanzia Jumapili jioni hadi Jumatano Maradona aliachwa afanye atakavyo, mradi ifikapo Alhamisi awe safi, na kwamba mchezaji aliyekuwa hatarini kugunduliwa alipewa njia ya kupeleka mkojo wa mtu mwingine kwenye vipimo. Yaani waliokuwa wakimlipa walijua, na walichokipanga hakikuwa matibabu, bali ratiba.

Kisha ikaja Julai 3, 1990. Argentina iliitoa Italia katika nusu fainali ya Kombe la Dunia kwa mikwaju ya penalti, katika uwanja uleule wa San Paolo, na Maradona alifunga penalti yake. Kabla ya mechi alikuwa amewaambia watu wa Naples kwamba Italia iliyobaki huwadharau mwaka mzima, na leo ndiyo inawakumbuka kuwa ni Waitalia. Baada ya usiku ule, kinga aliyokuwa nayo iliyeyuka. Polisi walinasa mazungumzo yake ya simu, magazeti yakayachapa, na kipimo cha baada ya mechi dhidi ya Bari, Machi 17, 1991, kikaonyesha kokeini. Akafungiwa miezi 15. Kokeini hiyo haikuanza mwezi ule. Kilichobadilika ni kwamba wenye uwezo wa kumficha hawakuwa tena na sababu ya kufanya hivyo.

Haki inataka niseme pia upande wa pili. Mtoto wa kiume aliyezaliwa Naples mwaka 1986 alikataliwa na Maradona kwa miaka mingi, wala hapakuwa na genge, rais wa klabu au daktari aliyemlazimisha kufanya hivyo. Ni kosa lake, na filamu haimfichi.

Mfano wa Paul Gascoigne wa Uingereza unaonyesha jambo hilihili kwa njia nyingine. Kwa muda mrefu alikuwa akiwaambia walio karibu naye kwamba simu yake inasikilizwa, na maneno hayo yakachukuliwa kuwa dalili ya ulevi na akili iliyochoka. Mwezi Mei 2015 Mahakama Kuu mjini London iliamuru kampuni ya magazeti ya kundi la Mirror imlipe fidia ya pauni 188,250 kwa sababu simu yake kweli ilidukuliwa. Ugonjwa wake wa pombe ulikuwa wa kweli na haukuletwa na magazeti peke yake, ila mtu aliyeitwa mwendawazimu kwa kusema jambo la kweli anastahili kusikilizwa upya, na filamu zilizotengenezwa juu yake tangu wakati huo hazina budi kuanzia hapo.

Dhana ya tatu: klabu ikifungua milango, basi haina cha kuficha

Mfululizo wa filamu kuhusu Sunderland, klabu ya Uingereza, uliotoka Netflix mwezi Desemba 2018, hupewa sifa kwamba ulionyesha klabu ikiwa uchi. Waliouandaa, kampuni ya Fulwell 73, ni mashabiki wa Sunderland wenyewe. Jina la kampuni limetokana na jukwaa la uwanja wa zamani na mwaka 1973 timu ilipotwaa Kombe la FA. Walianza kupiga picha timu ikiwa imeshuka kutoka Ligi Kuu, huku wengi wakitarajia itarudi mara moja. Badala yake ikashuka tena: Aprili 21, 2018 ilifungwa 2-1 nyumbani na Burton Albion, na moja ya mabao hayo lilitiwa na Darren Bent, mshambuliaji wake wa zamani.

Ukiutazama kwa makini utaona kwamba kamera iko zaidi kanisani, ambako padri anaiombea timu, jikoni kwa wapishi wa klabu, majukwaani na katika ofisi za viongozi. Chumba cha kubadilishia nguo hakionekani sana. Jambo hili lina athari. Kiungo Jack Rodwell, aliyesajiliwa mwaka 2014 kwa mkataba wa miaka mitano, amebaki vichwani mwa watazamaji kama mtu aliyekula mshahara wa bure huku timu ikizama, na anayetueleza habari zake zaidi ni mkurugenzi mtendaji, Martin Bain, akiwa ofisini. Mkataba ule haukuwa na kipengele cha kupunguza mshahara timu ikishuka daraja, na mkataba husainiwa na pande mbili. Aliyesahau kipengele hicho hakuwa Rodwell. Mchezaji anayekataa kuyaacha malipo aliyoahidiwa kisheria anaweza kukosa kupendwa, lakini kumgeuza chanzo cha anguko la klabu yenye mmiliki, wakurugenzi na wanasheria ni kumwonea. Alivunja mkataba kwa makubaliano mwezi Juni 2018. Sunderland ilirudi Ligi Kuu mwaka 2025.

Dhana ya nne: mhusika akihojiwa, filamu ni yake

Wakati mwingine ni kweli. Mfululizo wa David Beckham wa mwaka 2023 ulitayarishwa kwa ushiriki wa Studio 99, kampuni aliyoianzisha yeye mwenyewe, na mtazamaji anapaswa kulijua hilo kabla ya kubonyeza. Maradona kwa upande wake alihojiwa na Kapadia kwa saa kadhaa huko Dubai alikokuwa akiishi, na bado filamu ilipotoka aliwasihi watu wasiende kuitazama, akilalamikia maneno yaliyowekwa kwenye bango lake.

Dhana ya tano: Andrés Escobar aliuawa na watu wa Pablo kwa sababu ya bao la kujifunga

Nimeisikia dhana hii kwa sura nyingi, wengine wakiongeza kwamba Andrés, beki wa Kolombia, na Pablo Escobar, kinara wa biashara ya dawa za kulevya wa Medellín, walikuwa ndugu. Filamu ya ndugu Jeff na Michael Zimbalist ya mwaka 2010 inawaweka pamoja kwa sababu ya jina na mji, si kwa damu. Tena Pablo Escobar aliuawa Desemba 2, 1993, miezi saba kabla ya Andrés. Wakati wa uhai wake fedha za dawa za kulevya ziliingia katika klabu kubwa za Kolombia, na mwaka 1989, mwaka ambao Atlético Nacional ya Medellín ilitwaa Copa Libertadores, kombe la klabu bingwa za Amerika Kusini, Andrés akiwa beki wake, mwamuzi Álvaro Ortega alipigwa risasi mjini humo na ligi ya mwaka huo ikafutwa. Kwa hiyo kutisha na kuua kwa ajili ya soka kulikuwepo kabla ya bao lile.

Bao lenyewe lilikuja Juni 22, 1994, uwanja wa Rose Bowl, katika mechi ya Kombe la Dunia dhidi ya Marekani. Krosi ya John Harkes inapita chini kutoka kushoto. Andrés anateleza ili kuikata, mguu umenyooka, na mpira unampita kipa Óscar Córdoba ambaye tayari ameegemea upande mwingine. Anabaki amelala chali kitambo, mikono kichwani. Kolombia ilifungwa 2-1, lakini ilikuwa imekwisha kufungwa 3-1 na Romania, na kabla ya kuikabili Marekani kambi ilipokea vitisho vya kifo vilivyomwondoa kiungo Gabriel Gómez kikosini. Timu iliyoingia uwanjani siku ile ilikuwa inaogopa. Katika filamu, dada yake Andrés anasimulia kwamba mwanawe mdogo alipoliona bao lile kwenye runinga alimwambia kuwa mjomba atauawa. Mtoto wa umri ule alikuwa ameshaujua mji wake.

Siku nne baadaye Andrés alicheza tena, Kolombia ikaifunga Uswisi 2-0 na bado ikatolewa. Wenzake walimshauri asitoke nje aliporudi nyumbani. Alitoka, kwa kuwa aliamini ni wajibu wake kuonyesha uso wake kwa watu wake, na usiku wa kuamkia Julai 2, katika maegesho ya klabu ya starehe mjini Medellín, watu waliomzomea kwa sababu ya bao lile walibishana naye hadi mmoja akatoa bastola. Alikuwa na miaka 27. Aliyehukumiwa ni Humberto Muñoz, dereva wa ndugu wawili wa familia ya Gallón, waliojulikana kwa biashara ya dawa za kulevya, ambao ndio waliokuwa wakibishana na Andrés usiku huo; waliozungumza katika filamu wanaeleza kwamba fedha za ndugu hao zilitumika ili lawama yote imwangukie dereva. Muñoz alihukumiwa miaka 43 gerezani. Aliachiwa mwaka 2005.